Gamba la Laker

Watu wa Kisugu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani miaka yote ile, huwa nawaambia nilikuwa naosha matope. Si uongo. Wengine hunipa pole. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama serikali haina mashine ya kuoshea.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki maabara, hasa wewe Nabirye, uliyekalia kiti changu kabla hakijapoa. Siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache, nikasema asanteni, nikaketi. Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kuangalia saa. Maneno yenyewe ni haya. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotuunganisha pale: mmoja wenu katoka Bukavu, mwingine Mombasa, wewe Msoga, na mimi Mnubi niliyezaliwa kambi ya polisi ya Naguru, ambako baba yangu alikuwa koplo na Kiswahili kilikuwa cha kutolea amri na cha kuombea chumvi kwa jirani. Vyeo sitavitaja, viko kwenye faili. Mshahara nao ulikuwa mshahara.

Siku ya kwanza nilikwenda nimejifunga gurbaba, vazi letu la Kinubi, mama amelipiga pasi mpaka linasimama lenyewe. Mama alijua mtoto anakwenda ofisini. Kufika, nikapewa aproni ya mpira, ndoo mbili, na mfuko wa matope ya bahari yanayonuka kama yai viza. Jioni nilirudi nyumbani gurbaba imechorwa ramani. Mama aliitazama, akaitia kwenye beseni, akasema kwa Kinubi kwamba huko shuleni ningeweza pia kusomea ushonaji.

Siku ya pili Mwalimu aliniita kwenye hadubini. Mnajua nasema Mwalimu Ociti, ingawa ninyi mmemkuta kwenye picha ya ukutani tu. Alikuwa Mwacholi, mtoto wa askari jeshi, mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa moyo linapokuja suala la kazi. Hakuwa amefundisha shule yoyote, lakini hakuna aliyethubutu kumwita jina lingine. Alimimina mchanga mkavu, robo kijiko, kwenye kisahani cheusi chenye miraba.

"Unaona nini?"

"Mchanga, Mwalimu."

"Tazama tena."

"Bado ni mchanga."

"Hapa hakuna haraka, binti Rajabu. Hii watu walikufa zamani sana. Hawana haraka na wewe."

Nikatazama mpaka shingo ikauma. Kisha, wallahi, mchanga ukageuka majumba. Mengine yamejiviringa kama konokono, mengine yamesukwa kama mkeka, mengine yamepangwa vyumba kwa vyumba kwa mstari, meupe yanang'aa. Nilipiga kelele mpaka mfagiaji akaja kuangalia kama nimeungua.

Vitabuni wanaitwa foraminifera. Sisi tuliwaita foramu, imetosha. Ni viumbe wa baharini wenye seli moja tu, wengi wao wadogo kuliko punje ya chumvi. Hawana macho, hawana mikono, lakini kila mmoja hujijengea nyumba. Wengine hujenga kwa chokaa, wengine huokota punje za mchanga na kuzigandisha pamoja. Chumba kikimbana, huongeza kingine kikubwa zaidi, na kingine tena. Akifa, gamba hubaki chini ya bahari. Kila zama zilikuwa na magamba yake, kwa hiyo anayeyajua anaweza kukuambia matope haya ni ya wakati gani na bahari ilikuwaje. Ndiyo maana wachimbaji wa pwani walituletea vikopo vyao mpaka hapa Kampala, mji ambao hauna bahari. Bahari yenyewe mimi nimeiona mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeinama naangalia chini.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Brashi tulinunua Old Kampala, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitu vya wachoraji. Ile nyembamba kabisa, yenye nywele zisizozidi kumi na tano, na hata hizo Mwalimu alizipunguza kwa wembe. Gamba huliokoti kwa vidole, litapasuka. Unalowesha ncha ya brashi kwa mdomo, unaligusa, linanata, unalihamisha kwenye slaidi. Wote tulilamba brashi zetu. Ramadhani ilipoingia nikakwama, maana mate yenyewe yananitia wasiwasi sembuse chumvi ya bahari. Kesho yake nilikuta kipande cha sponji yenye maji kimewekwa karibu na hadubini yangu. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na kila mwezi wa Ramadhani sponji ile ilikuwepo, mpaka alipoondoka.

Kuhusu kupanga alinifundisha utaratibu mmoja, nanyi mmeusikia kwangu mpaka mmechoka. Ukuta kwanza, vyumba pili, mlango tatu. Uulize ukuta ni wa chokaa au wa punje zilizogandishwa. Uulize vyumba vimejipanga vipi. Halafu utafute mlango, lile tundu alilotokea mwenye nyumba. Spishi ni kama watoto wa mama mmoja. Jenasi ni ukoo mzima. Kumpata mtoto mpya si ajabu, bahari ina watoto wengi. Kupata ukoo mpya, watu wengi wamezeeka kwenye hadubini bila kuuona.

Na alinifundisha buluu. Hapa nisikilizeni vizuri.

Chekeche letu lina matundu madogo mno. Ukishaosha matope ya kopo moja, hata usugue vipi, magamba mawili matatu yatabaki yamejificha kwenye waya. Ukiosha kopo la pili, yatatoka na kujichanganya na wenyeji, nawe utaapa kwamba yametoka humo. Kwa hiyo kila baada ya kuosha tunalitumbukiza chekeche kwenye dawa ya buluu, ile ile ya maabara za hospitali. Lililobaki kwenye waya linageuka buluu. Likitokea kwenye kopo linalofuata, unalijua kwa rangi kwamba ni mgeni, unaliweka kando. Wa buluu hahesabiwi.

Miaka ilipita hivyo, sitawachosha nayo. Kisha likaja kopo kutoka kisima kirefu kilichochimbwa mbali na ufukwe, matope ya kale sana. Niliyaosha mimi. Mwalimu aliyapitia kwa hadubini, na saa nne asubuhi nikasikia akisema kwa Kiacholi kitu ambacho sikukielewa. Akanipisha kwenye kiti.

Lilikuwa gamba la kahawia, lenye kutu ya chuma, limejengwa kwa punje za mchanga. Vyumba vya mwanzo vimejiviringa, vya mwisho vimesimama wima. Hayo yapo mengi. Lakini chumba cha mwisho kilikuwa na milango miwili, mmoja chini na mmoja kileleni. Tulipekua vitabu vyote kabatini. Hakuna ukoo wenye ukuta ule, mpangilio ule na milango ile. Katika kopo zima tulipata tisa.

Alifanya kazi juu ya yale tisa kwa miaka minne. Alichora kila gamba kwa penseli, pande tatu. Aliandikia wataalamu wa nchi za mbali, akasubiri majibu. Katikati ya kazi alistaafu, lakini aliendelea kuja, na katikati hapo sukari ikaanza kumla macho. Mwisho akawa anaegemeza uso kwenye hadubini kama mtu anayechungulia kisima. Mchana mmoja akaniambia jina alilolichagua.

"Itakuwa *Lakerella*," alisema. "Lakini Mama Laker hajui. Nataka aione ikiwa imechapwa."

Mama Laker ni mke wake. Sote tulimwita hivyo, hata wanawe wengine wakubwa walizoea jina hilo. Laker alikuwa kifungua mimba wao, alifariki akiwa darasa la pili, kwa malaria ya siku tatu. Picha zake zilipotea walipohamishwa makazi, haikubaki hata moja. Mama yake alikuwa anaitwa kwa jina la mtoto ambaye hakuna aliyebaki na sura yake. Mwalimu aliniambia haya akiwa anafuta miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Makala ikapelekwa kwenye jarida. Wakaguzi wakajibu vizuri, ila walitaka kitu kimoja: gamba moja livunjwe, waone ndani. Mwalimu hakuweza tena kazi ya sindano, akaniachia mimi. Nikalibana, nikalisukuma taratibu, likafunguka.

Ndani kulikuwa na buluu.

Si buluu kali. Hafifu, imetulia kwenye kona za vyumba. Nje kutu ilikuwa imeifunika, ndiyo maana miaka minne hakuna aliyeiona. Nilikumbuka papo hapo ile wiki. Dawa ilikuwa imebaki kidogo, chupa mpya haijafika, na badala ya kusema, niliongeza maji ili wiki ipite. Nikaongeza tena. Siku nilipoosha kopo lile, dawa yangu ilikuwa karibu maji matupu, Mungu anisamehe. Yale tisa yalikuwa wageni. Yametoka kopo jingine, na Mwalimu alikuwa anataka kuandika jina la mwanawe juu ya nyumba isiyojulikana ilitoka wapi.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Mwalimu alikuwa haoni, wakaguzi wako mbali, na mwenye sindano ni mimi. Ningeweza kusema ndani ni safi, nikapiga picha isiyo na rangi, ikapita. Nilijiambia kunyamaza ni huruma, mzee yuko mlangoni pa kaburi, mwache afurahi. Kisha nikajiuliza ni nani hasa ninayemhurumia. Usingizi ulinikimbia, chakula nikakiona majani. Siku ya nne nilipanda kilima cha Naguru, nyumbani kwake.

Alikuwa amekaa kibarazani, redio mapajani.

"Mwalimu, nimevunja ile moja."

"Enhe. Ndani iko namna gani?"

"Kuna buluu."

Alizima redio. "Buluu ya wapi?"

"Ya chekeche, Mwalimu."

"Nani aliosha?"

"Ni mimi."

"Na dawa ilikuwa sawa?"

"Niliongeza maji. Ilikuwa inakwisha. Sikukwambia."

Mama Laker akatokea na chai. Alitutazama mmoja mmoja, sinia mkononi. "Banange, nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mtu," alisema Mwalimu. "Zaituni, vunja zote, bakisha moja. Sasa enda nyumbani."

Sijawahi kuacha chai mezani kwenye nyumba ile kabla wala baada ya siku hiyo. Nilirudi maabara, nikavunja saba. Yote saba yalikuwa na buluu. Nikamtumia ujumbe kupitia mwanawe, naye akamwagiza huyo huyo mwanawe aandike barua ya kuiondoa makala.

Wiki sita hakunisemesha. Nilimpigia simu, hakupokea. Nilikuwa nimepoteza baba miaka mingi nyuma, lakini wiki zile nilijisikia yatima upya. Kazini nilikuwa mkali kwa kila mtu, na mfagiaji alianza kusubiri nitoke ndipo aingie.

Halafu asubuhi moja Mama Laker akaingia maabara mwenyewe, anahema, ameteremka kwenye bodaboda.

"Mzee anakutaka. Akasema kuja na ile daftari ya kuosha. Mimi sijui nyinyi mnagombania nini, lakini mzee hakuli. Kama ni kosa, omba msamaha. Kama ni yeye, pia wewe omba, wewe ndiyo mtoto."

Nikaenda. Mwalimu hakunisalimu, aliniamuru tu nisome. Daftari lilisema kopo lililotangulia kwenye chekeche lile lilikuwa la kisima kingine, karibu na ufukwe, matope machanga zaidi. Tulihesabu magamba mia tatu ya kopo lile, tukaacha, kama ilivyo desturi. Yaliyosalia yalirudishwa kwenye mfuko, mfuko ukawekwa stoo.

"Kama ilitoka huko, iko huko bado," alisema. "Tafuta."

"Ni mfuko mzima, Mwalimu."

"Uliongeza maji mwenyewe. Tafuta mwenyewe."

Nilitafuta misimu miwili ya mvua, kila siku baada ya kazi, kisahani kwa kisahani. La kwanza nilipolipata sikushangilia, nililia. Mwisho nilikuwa nayo kumi na moja. Nilivunja matatu, na ndani yalikuwa safi, mchanga mtupu. Kufikia hapo Mwalimu alikuwa haoni hata mwanga wa dirisha. Nilikaa kando ya kiti chake, akawa anauliza kama alivyoniuliza nilipokuwa msichana, nami namwelezea kwa mdomo.

"Ukuta?"

"Punje za mchanga, zimeshikana vizuri. Ndogo ndani, kubwa nje."

"Vyumba?"

"Vinne au vitano kwenye mviringo, halafu vitatu wima."

"Milango ni miwili kweli? Usinifurahishe, Zaituni."

"Ni miwili, Mwalimu. Katika yote."

Alitikisa kichwa kukubali. Tukaandika maelezo hayo mstari kwa mstari, na lile gamba zuri kuliko yote likawa kielelezo mama, yaani lile ambalo jina limefungwa kwake na kila mtu duniani atakayebisha lazima arudi kulitazama. Tulipofika mwisho akasema, "Sasa andika na kosa."

"Kosa gani?"

"La maji. Andika magamba ya kwanza yalitoka wapi, na kwa nini tulidanganyika, na nani aliosha."

"Mwalimu, jina langu litakaa pale mpaka kiama. Watu watakaonisoma hawatanijua kwa lingine lolote."

"Laker atakaa ukurasa ule ule," alisema. "Unataka akae na watu gani?"

Niliandika. Mnaweza kuisoma, aya ya tatu kutoka mwisho, jina langu limekamilika, hata la babu yangu limo. Siku chache baadaye, kabla jarida halijatoka, Mwalimu alilala hakuamka. Tulimzika kwao kaskazini, na nilitupa udongo wangu kama watoto wake wengine.

Jarida lilipofika, nilimpigia Mama Laker aje. Nilimweka kwenye hadubini, nikarekebisha lenzi kwa ajili yake. Alisema haoni. Nikarekebisha tena, akaegemea karibu zaidi.

"Ni hii?"

"Ni hii, mama. Sasa soma hapa." Nikamfungulia ukurasa.

Alipitisha kidole chini ya herufi. Alisoma Laker, akaishia hapo, mkia uliobaki hakuujali. Alirudia mara mbili. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha msibani, na mimi nikalia naye, na wenzetu wa chumba cha pili wakaja, wakasimama mlangoni bila kujua wafanye nini. Alipotulia alijifuta kwa kanga, akaitazama ile slaidi.

"Mnamweka wapi?"

Nikamwonyesha kabati, droo, kufuli.

"Na nani anamwangalia?"

"Mimi, mama."

"Kila siku?"

Mnajua vielelezo mama havifunguliwi kila siku. Ukifungua mara moja kwa mwaka umefanya kazi. Nikamjibu, "Kila siku." Na kwa kuwa nilishamdanganya mumewe mara moja kwa kunyamaza, kuanzia kesho yake nilifungua droo ile kila asubuhi nilipofika kazini, nikatazama, nikafunga. Mama Laker hunipigia kila Ijumaa, nikishatoka kuswali. Hana habari nyingi. Huuliza, "Umemwona?" Nami husema, "Nimemwona, mama," naye hukata simu.

Ijumaa iliyopita, ya kwanza tangu nistaafu, alipiga. Nikamwambia mimi sasa niko nyumbani Kisugu. Akauliza, "Sasa ni nani?" Nikamtajia jina lako, Nabirye, nikampa na namba yako. Mkono wake ni mzito kwenye simu, anaweza kukosea mara moja mbili, mpokee tu. Hatakuuliza kuhusu ukuta wala milango. Atakuuliza kama umemwona. Mwambie ndiyo, lakini kabla ya kusema, ufungue droo.